Kufuata barafu ya Rwenzori kutoka Goma: shajara ya safari, Januari hadi Julai 2022

9 Januari 2022

Koko, bibi yetu, alizaliwa Mutwanga, chini kabisa ya mlima wa Rwenzori, upande wa Kongo. Anasema asubuhi mawingu yakipanda, weupe ulikuwa unaonekana toka uani kwao, na mama yake alimkataza kuunyoshea kidole kwa sababu Kitasamba, roho mwenye mlima, anakaa kule. Jana akaniuliza kama bado upo. Sikuwa na jibu. Mimi ni mtu wa Goma: lava nimeikimbia mara mbili, Januari 2002 na Mei 2021, lakini barafu niliyowahi kuishika ni ile ya kwenye friza ya mama muuza bia.

Basi mradi ndio huo: tufike tuishike barafu yenyewe, turudi tumwambie. Tuko watatu: mimi, mdogo wangu Kambale, na jirani yetu Mapendo ambaye ni muuguzi. Pesa zitatoka kwenye likelemba, mchezo wetu wa kuchangiana pesa kwa zamu; zamu yangu ya kupokea ni Juni. Nimekadiria dola 2,400 kwa watatu. Ninaandika kila hatua ili atakayetufuata asirudie ujinga wetu.

20 Februari

Jaribio la kwanza limekufa kabla hatujafunga begi. Nilitaka tupitie kwetu: Goma, Beni, Mutwanga, halafu ile njia ya zamani ya bonde la Butahu yenye vibanda vya Kalonge, Mahangu na Kiondo. Mpaka wa Kongo na Uganda unapita juu kabisa, kwenye kilele cha Margherita chenye mita 5,109, kwa hiyo nusu ya mlima ni yetu na iko ndani ya hifadhi ya Virunga. Nilimpigia binamu yangu wa Beni kumuuliza hali ya njia. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, akiniita kama mkubwa wake: "Yaya, unatafuta barafu ama unatafuta matanga?" Waasi wanaua watu kwenye mashamba ya kule, na jimbo letu liko chini ya hali ya dharura tangu Mei mwaka jana. Sikuuliza mara ya pili.

Gharama ya hatua hii: dola 6 za vocha.

Njia mpya ni kutoka kupitia Rutshuru na Bunagana, kuingia Kisoro, kisha Kabale, kisha Kasese. Kasese ni mji mdogo wa Uganda ulio chini ya mlima, na lango la Nyakalengija liko karibu nao. Kutoka pale mzunguko mzima ni siku saba. Yaani tutaondoka Kongo ili tukapande mpaka ukingoni mwa Kongo. Kambale amecheka mpaka akakaa chini.

2 Aprili

Vifaa na mazoezi. Tulikosea kwenye vyote viwili, ila hilo tulilijua baadaye.

Birere, mtaa wa biashara wa Goma, tulipata mabuti ya ngozi ya mitumba kwa Kambale, dola 25, soli nene, yanang'aa. Muuzaji aliapa kwamba yametoka Uswisi. Mabuti ya mpira tutanunua Kasese kwa sababu kila aliyewahi kupita kule anasema matope yanafika magotini. Makoti ya mvua, soksi za sufu, vifuko vya kulalia vya kuazima. Chakula cha ziada: kilo mbili za sambaza kavu, wale samaki wadogo wa ziwani, na vipande viwili vya fromaji (jibini) ya Masisi ambayo haiharibiki haraka kwenye baridi. Hiki ndicho kitu pekee tulichopatia toka mwanzo.

Kwa mazoezi, Nyiragongo, volkano yetu ya Goma, ndiyo ingefaa, lakini imefungwa tangu ilipolipuka mwaka jana. Kwa hiyo kila Jumamosi tunavuka mpaka kwenda Gisenyi, Rwanda, na kupanda kilima cha Rubavu, kila mmoja na kilo 12 za maharage mgongoni. Tukifika juu, tunashuka kwa pikipiki. Hiyo pikipiki niiwekee alama hapa. Itatudai mwezi wa saba.

Jambo moja kwa watu wa Goma, maana tumezoea kudhani kila mlima mrefu una moto tumboni: Rwenzori si volkano. Ni kipande cha ardhi kilichosukumwa juu kati ya nyufa za bonde la ufa. Hakuna joto la kungoja kule.

14 Juni

Jana Bunagana imechukuliwa na waasi wa M23. Njia yetu ya pili imekwenda. Nauli tuliyokuwa tumeshampa mtu wa gari amerudisha yote, Mungu ambariki, wengine wasingerudisha.

Tunabaki na njia ya Rwanda: Gisenyi, Musanze, Cyanika, Kisoro. Ni fupi kuliko tulivyodhani, na barabara ni lami tupu.

18 Juni

Jana kumetokea risasi mpakani kati yetu na Rwanda, na kuanzia sasa mpaka unafungwa saa tisa alasiri. Ratiba yote naipanga upya kuuzunguka huo muda. Kwenda si tabu, tutavuka asubuhi. Kurudi ndiko kwenye kazi.

Leo pia ni tarehe aliyofika yule mwanamfalme wa Italia, Luigi Amedeo wa Abruzzi, juu ya Margherita kwa mara ya kwanza, 18 Juni 1906. Mpiga picha wake Vittorio Sella alileta picha nilizoziona kwenye simu: barafu imemwagika mpaka kwenye mabonde. Wapimaji wanasema wakati ule Rwenzori ilikuwa na zaidi ya kilomita za mraba 6 za barafu, na mwaka 2003 ilikuwa imebaki chini ya moja. Koko aliuona weupe huo katikati ya hizo tarehe mbili. Swali lake halikuwa la kizee hata kidogo.

12 Julai, Kasese

Tuliondoka jana asubuhi kwa Grande Barrière, kivuko cha mpaka kati ya Goma na Gisenyi, na vyeti vya chanjo mkononi. Rwanda tumeipita kama upepo. Cyanika tukalipa viza ya Uganda, dola 50 kila mmoja. Kambale alijaribu kumkumbusha afisa kwamba Kongo imeingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka huu. Afisa akamwambia karibu sana nyumbani, halafu akanyosha mkono kupokea dola 50.

Tulilala Kisoro. Basi la Kasese tuliambiwa linaondoka saa moja asubuhi. Tukafika kituoni saa kumi na mbili na nusu, tumetulia, na chai mkononi. Basi lilikuwa limeondoka nusu saa kabla. Uganda iko mbele ya Goma kwa saa moja, na saa zetu za mkono zilikuwa bado zinaishi Birere. Simu ya Mapendo ilijirekebisha yenyewe lakini alidhani imeharibika, akairudisha nyuma! Tulipanda gari dogo la kuunga kwa dola 25 zaidi: Kabale, Ntungamo, Ishaka, kushuka mpaka daraja la Katunguru, kuvuka mstari wa ikweta, na kuingia Kasese usiku. Mlima hatukuuona. Ulikuwa umefunikwa kote.

13 Julai

Siku ya kupanga na wenye mlima. Hapa nilipata faida nisiyoitegemea. Waongozaji na wapagazi ni Bakonzo, na sisi kwetu ni Wanande. Lugha yao na yetu ni ndugu wa tumbo moja. Nilisema tu "Wabukire", mzee mmoja akaitikia, akaniuliza ukoo, na baada ya dakika kumi tulikuwa tunakula obundu pamoja. Bei haikushuka sana, lakini tulielezwa ukweli ambao mgeni haelezwi. Jina lenyewe la mlima wameniambia maana yake: Rwenzururu, mahali pa nzururu, pa theluji.

Ukweli wa kwanza ulihusu mabuti ya Kambale. Mwongozaji aliyashika, akayakunja katikati kama chapati. "Haya hayapandi barafu," akasema. Kramponi, yale meno ya chuma unayofunga chini ya kiatu, zinataka soli ngumu isiyokunjika, la sivyo zinachomoka ukiwa kwenye mteremko. Mimi nilidhani kiatu kinene ndicho kiatu kigumu. Dola 25 za Birere zimezikwa. Tukakodi seti tatu: viatu vigumu, kramponi, mkanda wa kujifungia kamba, shoka la barafu, dola 35 kila mmoja. Cha Kambale kilipatikana namba 45 tu, na yeye anavaa 43. Soksi tatu.

Mabuti ya mpira, dola 8 jozi. Safari yenyewe, dola 690 kila mmoja kwa siku saba, pamoja na mwongozaji, wapagazi, ada za hifadhi, vibanda na chakula.

16 Julai, kibanda cha Bujuku, mita 3,962

Siku mbili za kwanza hazina cha kueleza sana. Nyabitaba usiku wa kwanza, kwenye msitu. Asubuhi yake daraja la pale yanapokutana maji ya Bujuku na Mubuku, kisha kibanda cha John Matte usiku wa pili. Mvua kila alasiri, kwa saa moja au kwa saa sita.

Leo kinamasi cha Bigo. Kuna njia ya mbao sehemu nyingine. Sehemu nyingine unaruka toka kishungi kimoja cha majani hadi kingine, na ukikosa unazama. Mabuti ya mpira ndiyo viatu vya mlima huu, mtu asikudanganye. Pande zote lobelia na senesio, mimea mirefu ya huku juu, zimesimama kama watu wenye makoti. Mapendo alisema zinafanana na wagonjwa wanaosubiri kuitwa.

Saa moja baadaye mgonjwa akawa yeye. Kichwa kimempasuka, ametapika mara tatu, chai haikai. Sisi sote tunaumwa kichwa, lakini chake ni cha kutisha. Mganga hajigangi: yeye ndiye aliyetufundisha dalili zote za ugonjwa wa mwinuko toka Goma, na yeye ndiye aliyezificha toka jana mchana ili asiturudishe nyuma.

Makosa yetu, kwa anayetufuata. Tulitembea haraka ili tusiachwe na wapagazi, ambao wamezaliwa hapa. Na tulikunywa maji kidogo kwa sababu ni baridi na choo kiko mbali na giza ni zito. Goma iko kwenye mita 1,500 hivi, nami nilijidanganya kwamba hiyo inatutosha.

17 Julai, bado Bujuku

Tumelipia siku ya ziada, dola 60 kila mmoja. Iliniuma, lakini ndiyo pesa nzuri kuliko zote tulizotumia. Kambale na mimi tumeamka wazima. Mapendo hajapata nafuu, na mwongozaji hakubishana naye: kesho anashuka mpaka kibanda cha John Matte na mpagazi mmoja, kisha watatusubiri Nyabitaba. Alilia kidogo, kisha akatupa dawa zake zote na kipande chake cha fromaji.

Simu yangu imelala ikiwa na asilimia 80 na kuamka na 34. Baridi inanyonya betri.

18 Julai, kibanda cha Elena, mita 4,541

Miamba mitupu. Hapa hakuna tope, hakuna mti, kuna bati na jiwe na upepo. Mpagazi ameleta habari ya Mapendo: alipofika chini alikula bakuli mbili za supu. Kushuka ndiyo dawa.

Mwongozaji ametuonyesha jiwe moja refu karibu na kibanda, upande wa kuelekea juu. Anasema alipoanza kazi hii akiwa kijana, walikuwa wanavaa kramponi karibu nalo. Kesho tutazivaa wapi? Akanyosha kidole juu, gizani. Sikuona kitu.

19 Julai

Tumeondoka saa tisa usiku. Hapa chini nimeandika kwa penseli, kalamu ya wino imegoma.

Kwanza ni kupanda mwamba kwa mikono na miguu, taa kichwani, kamba zilizofungwa sehemu mbaya. Mwamba ni laini kama umepigwa msasa. Mwongozaji anasema barafu ndiyo iliusugua, na sasa imeondoka na kuuacha uchi. Karibu saa kumi na moja na nusu tukafika ukingoni mwa uwanda wa barafu wa Stanley, na taa yangu ikaangukia kitu cha kijivu, kichafu kidogo, chenye mistari kama keki iliyokatwa. Nilipita nikidhani ni jiwe. Kambale ndiye aliyepiga kelele.

Nikavua glavu nikaiweka mkono. Haikuwa nyeupe. Ilikuwa inadondoka maji kwa chini, tone tone, na kwenye ule ukimya ilisikika kama bomba bovu la kwetu. Nilikinga chupa ya nusu lita mpaka ikajaa. Ilichukua muda mfupi kuliko nilivyotaka.

Tukafunga kramponi. Hatua ishirini juu ya barafu, ya Kambale ya kushoto ikachomoka. Kiatu ni 45, kramponi ilikuwa imekazwa kwa namba ndogo zaidi, na spana ya kuirekebishia ilikuwa imebaki Elena kwenye begi lingine. Hapa ndipo Goma ilipotuokoa. Nilikuwa nimefunga begi langu kwa ule ukanda wa mpira wa tairi ambao mafundi wa chukudu, zile baiskeli za mbao za kubebea mizigo, wanautumia kwenye magurudumu, nilionunua soko la Virunga, Goma, kwa franka 1,000. Tukaukata vipande viwili, tukaufunga msalaba juu ya kiatu na kuukaza kwa meno. Mwongozaji aliutazama, akaupiga shoka kidogo, hakusema kitu. Ulishika mpaka mwisho. Lakini tulikuwa tumepoteza dakika arobaini, na ukungu ukawa umeingia.

Mwongozaji alikuwa ameshatuambia toka jana: tusipokuwa chini ya Margherita saa mbili asubuhi, tunageuka. Saa mbili ilitukuta katikati ya uwanda, hatuoni hata ncha ya kamba. Nikabishana. Nilibishana kama Mkongo kabisa, kwa Kinande, kwa ukoo, kwa pesa za likelemba. Mzee akanisikiliza mpaka nikaishiwa pumzi, jambo ambalo kwenye urefu ule halichukui muda, kisha akauliza: "Umekuja kuona barafu au kuona kibao?" Juu kule kuna kibao cha chuma chenye jina la kilele. Sikuwa na la kujibu. Tukageuka.

Tukiwa tunarudi, upande wa magharibi ukapasuka. Dakika tano labda. Barafu ikaishia kwenye ukingo, na chini yake bonde jeusi la kijani, na mawingu mengine yamelala mbali kule chini. Mwongozaji akasema, "Kwenu." Nikatoa simu. Ilikuwa imekufa. Kambale, ambaye alilala na yake kwapani usiku kucha na hakuitoa hata mara moja, alipiga picha tatu. Moja ina kidole chake.

21 Julai, Nyabitaba

Tumepita Kitandara na maziwa yake mawili, tumevuka mlango wa milima wa Freshfield, tumelala kibanda cha Guy Yeoman, na leo tumemkuta Mapendo akicheza karata na wapagazi, amewala wote. Magoti yangu yamevimba kama maandazi. Hii ndiyo ile pikipiki ya Rubavu. Jamani, fanyeni mazoezi ya kushuka. Kupanda kunachosha, lakini kushuka siku tatu mfululizo na mzigo ndiko kunakovunja mtu. Kambale ana malengelenge manne kutoka kwenye ile 45.

Langoni jioni, tukagawa bakshishi dola 90. "Wasingya", asante, tulisema wote pande zote.

23 Julai, Gisenyi, dirishani

Gari letu lilikaa Cyanika zaidi ya saa mbili likingoja kujaa. Tukafika mpakani saa tisa na robo. Umefungwa. Niko kwenye chumba cha dola 30 na ninaziona taa za Goma. Ningeweza kumwita mtu kwa jina. Ushauri: ukirudi, lala Musanze au ondoka Kisoro alfajiri, usiwe mjanja.

24 Julai

Asubuhi tumevuka. Afisa mmoja akaishika ile chupa, akainusa. Ni nini? Maji. Ya wapi? Ya barafu ya Rwenzori. Akanitazama magoti, akanitazama uso ulioungua jua, akasema, "Kunywa." Nikanywa mafunda mawili. Yalikuwa ya vuguvugu.

Koko aliyapokea yaliyobaki kwa mikono miwili. Akayatazama kwenye mwanga, akaonja kwa ncha ya ulimi. Kambale akamwonyesha zile picha, pamoja na ile ya kidole. Aliikazia macho ile ya bonde. Akauliza maji tumeyachota upande gani. Nikamwambia, upande wa Uganda, mlangoni mwa Bakonzo.

"Haya ni ya jirani," akasema. "Ya kwetu mtachota lini?"

Chupa ameiweka juu ya kabati, nyuma ya redio, na hataki iguswe.

30 Julai

Hesabu, sasa nimetulia. Safari ya mlimani 2,070, siku ya ziada 180, vifaa vya barafu 105, mabuti ya mpira 24, ya ngozi ya bure 25. Viza 150. Nauli kwenda na kurudi 205, na humo zimo zile 25 za saa ya Birere. Kulala Kisoro na Kasese 100, Gisenyi 30. Chakula cha ziada 40, bakshishi 90. Jumla dola 3,019 kwa watatu, 619 juu ya makadirio. Nimekopa kwa shemeji.

Ningekuwa naanza upya, ningepunguza mtu mmoja badala ya siku moja, ningeomba kramponi zifungwe kwenye kiatu changu kule chini mbele ya macho yangu, na sambaza ningebeba kilo tano; wapagazi walizimaliza siku ya pili na walikuwa na haki.

Mabuti ya mpira yako kwangu, namba 41, 42 na 43, pamoja na makoti mawili na ukanda mpya wa chukudu. Anayepanga kwenda Desemba aje ayachukue. Ayarudishe yameoshwa.